Uvira: Mamba wa Ruzizi hatumwi na mtu

Kila mara mamba anapomkamata mvuvi kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kati ya mdomo wa Ruzizi na Kalundu, kuna swali moja linalotangulia mengine yote kwenye matanga. Watu hawaulizi marehemu alikuwa amesimama wapi, saa ngapi, wala alikuwa akifanya nini ndani ya maji. Wanauliza: nani alimtuma huyo mamba?

Kabla jua halijazama, jina limekwisha kutajwa. Mara nyingi ni la mama mzee anayeishi peke yake, au la jirani waliyegombana naye kwa deni la nyavu. Vijana wanakusanyika. Mwenye bahati anahama mtaa usiku huo huo, asiye na bahati hapati hata nafasi ya kufunga mlango. Na kesho yake asubuhi watu wanarudi kuvua, kuoga na kuchota maji pale pale, kwa mnyama yule yule, na mioyo imetulia kwa sababu "mwenye mamba" amepatikana.

Kwa hiyo familia mbili zinalia, na mamba bado yuko ndani ya matete.

Wanaosema mamba ametumwa wana hoja zao, na si za kijinga. Wameona kitu, ila wamekisoma vibaya. Hoja ya kwanza ni kwamba mamba alipita watu kumi akamchagua mmoja. Ni kweli, anachagua, lakini hachagui kwa jina. Anamchagua aliye ukingoni kabisa, aliyechuchumaa, aliyegeuza mgongo, aliye peke yake, au mtoto. Zaidi ya yote anamchagua mwenye desturi. Mvuvi anayefika kila siku saa kumi na moja na nusu jioni kwenye jiwe lile lile, kwa njia ile ile, amekwisha kumfundisha mamba ratiba yake. Mnyama huyu ana subira kuliko mtu yeyote. Damu yake ni baridi, hatumii nguvu nyingi, na mamba mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Kungoja siku nne karibu na jiwe si kazi kwake.

Hoja ya pili: hakuonekana hata kidogo mpaka saa ile. Lakini mamba ameumbwa hivyo. Macho na pua viko juu ya kichwa, mwili wote uko chini, na anaweza kukaa ndani ya maji nusu saa na zaidi bila kuvuta pumzi. Kwenye maji ya Ruzizi yenye rangi ya udongo, kina kinachofika magotini kinatosha kumficha. Tena kwenye taya zake kuna vidoadoa vidogo vinavyosikia mtikisiko wa maji. Mtu anayesukuma mtumbwi au anayepiga maji kufukuza samaki waingie wavuni anamwita bila kujua.

Hoja ya tatu ndiyo inayowasha moto zaidi: mwili ulipatikana, na haukuliwa wote. Watu wanasema, mnyama mwenye njaa angekula, basi huyu alikuja kuua tu. Ukweli ni kwamba mamba hawezi kutafuna. Meno yake ni ya kushika, si ya kukata kama ya simba. Anamzamisha mtu, halafu anajizungusha ili kung'oa nyama, na akishindwa anauacha mwili, au watu wakija na kelele na mitumbwi anauachilia. Mwili uliopatikana mzima si alama ya uchawi. Ni alama kwamba watu walifika haraka.

Kuna pia wanaokataa uchawi lakini wanaanguka upande wa pili: wanamtupia kila kitu mamba mmoja mwenye jina. Gustave anajulikana pande zote mbili za mpaka wa Burundi. Jina hilo alipewa na Mfaransa Patrice Faye, aliyemfuatilia miaka mingi na kujaribu kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma. Kizimba hakikumnasa, na filamu ya jaribio hilo ilitoka mwaka 2004. Alikadiriwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita sita. Watu waliosemwa kuuawa naye wanafika mia kadhaa, lakini hakuna aliyewahesabu kweli. Hadithi hii ina raha yake, na jioni penye moto haichoshi. Ubaya wake ni kwamba inawafanya vijana wa Kavimvira waamini kuwa Gustave akifa, au akiwa ameenda mbali, ziwa limekuwa salama. Matete ya mdomo wa Ruzizi yana mamba wengi wasio na jina. Mamba wa mita tatu tu anatosha kumchukua mwanaume mzima.

Na sasa kuna simu. Video zinazunguka zikionyesha Wamarekani huko Florida wakivua kwenye vimtumbwi vya plastiki, huku wanyama kama mamba wakielea kando yao, na mtu anacheka. Kijana wa huku anaangalia na kusema: kumbe ni woga wetu tu. Mnyama wa kwenye video ni aligeta, ndugu wa mamba lakini si yeye. Aligeta ana pua pana ya mviringo, na akifunga mdomo, meno ya chini hayaonekani. Mamba wa hapa ana pua nyembamba zaidi, na jino la nne la chini linabaki nje hata mdomo ukifungwa. Tabia zao zinatofautiana pia. Florida ina aligeta wapatao milioni 1.3, na watu wanaoumwa vibaya bila kumchokoza mnyama ni wanane hivi kwa mwaka wa kawaida. Mamba wa Afrika anamhesabu mtu mzima kuwa chakula. Anayechukua ujasiri wa Florida na kuuleta Ruzizi amebeba dawa ya ugonjwa mwingine.

Jambo moja la Florida lingefaa kuigwa. Huko, kumlisha aligeta ni kosa mbele ya sheria, kwa sababu mnyama aliyelishwa anaacha kumwogopa mtu na anaanza kumfuata. Huku hakuna anayemtupia mamba nyama kwa mchezo, lakini matumbo ya samaki yanamwagwa kila siku kwenye maji yale yale ambamo dakika tano baadaye mtoto anaingia kuosha sufuria. Nako ni kulisha. Samaki waparuliwe juu, mbali na maji, na matumbo yafukiwe au yapewe bata. Mvuvi anayefunga samaki wake kwenye kamba kiunoni na kuwaacha waelee nyuma yake ndani ya maji anafanya vibaya zaidi, maana amejifunga chambo mwilini.

Wazee wa ziwa wanajua mengine, ila hawasikilizwi tena. Anayevua kwa ndoana kutoka ufukweni asimame nyuma, hatua nne au tano kutoka kwenye maji, mahali peupe penye mchanga, si kwenye upenyo wa matete. Asichuchumae ukingoni. Abadilishe mahali na saa. Kuanzia jua kuzama mpaka kucha, ukingo uachwe, kwa sababu hizo ndizo saa mamba anawinda zaidi. Ndoana ikinasa kwenye majani, nailoni ikatwe. Bei ya ndoana inajulikana, na hakuna mguu unaouzwa sokoni. Maji yachotwe kwa ndoo yenye kamba, kutoka juu.

Kwa mwenye mtumbwi, hatari kubwa haiko katikati ya ziwa. Iko kwenye zile hatua sita za kupanda na kushuka, wakati mtu yuko ndani ya maji mpaka mapajani, ameinama, anasukuma, macho yako kwenye mzigo. Wawili wafanye kazi hiyo, mmoja asukume na mmoja aangalie maji. Wakiwa njiani, mikono na miguu ibaki ndani, na mtumbwi usipite ukisugua matete. Mamba akionekana amenasa kwenye wavu au anararua samaki waliomo, wavu huo ni wake mpaka atakapoondoka. Ni maneno machungu kwa mtu aliyenunua wavu kwa mkopo, lakini wengi wanaumia hasa wakati wa kugombea wavu. Wanaovua usiku kwa taa wajue pia kwamba taa haimfukuzi mamba. Inasaidia kumwona tu, kwa maana macho yake yanang'aa mekundu kwenye mwanga wa tochi. Na kiboko ni habari nyingine: yeye hatafuti chakula, analinda mahali pake, na mtumbwi ukimkatia njia ya kwenda kwenye kina anaupindua.

Kiangazi kinataka uangalifu wa pekee. Mamba jike anachimba mchanga na kutaga makumi ya mayai, na kwa muda wa miezi mitatu hivi anabaki karibu akiyalinda. Watoto wanaotumwa kukata matete au kutafuta mayai wanatumwa kwenye mdomo wake. Kiangazi ndicho pia kipindi ambacho nchi nne za Ziwa Tanganyika zilikubaliana kusimamisha uvuvi, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaane. Nia ni nzuri. Lakini mtu asiye na kazi nyingine hakai nyumbani miezi mitatu na watoto wenye njaa. Anachukua chandarua cha mbu, anajificha kwenye maji mafupi ya matete ambako hakuna afisa anayemwona, na huko ndiko mamba aliko. Sheria inayofunga ziwa bila kumpa mvuvi kitu cha kushika inamsogeza karibu na mamba, na viongozi wanalijua hilo.

Maji nayo yamehama. Ziwa lilipanda tangu 2020, na mwaka 2024 likapanda tena mpaka nyumba nyingi za ukingoni zikabaki ndani ya maji. Matete yameota palipokuwa nyua za watu. Ufuko ambao baba alimwonyesha mwanae kuwa salama huenda leo si ufuko tena. Ongeza watu waliokimbia vita kutoka milimani, ambao hawakukua kando ya ziwa na hawana wa kuwaonya, na inaonekana kwa nini mahubiri ya "muwe waangalifu" peke yake hayatoshi. Mama ambaye robine ya mtaani kwake haitoi maji atakwenda ziwani hata akionyeshwa mamba kwa kidole.

Kuna njia isiyohitaji mfadhili mkubwa. Kwenye mto Nilwala huko Sri Lanka, watu wamezungushia sehemu za kuogea uzio wa miti ndani ya maji, mamba abaki nje. Kando ya Ziwa Victoria, Uganda na Tanzania, kuna vijiji vilivyojengewa vizimba vya namna hiyo kwa ajili ya kuchotea maji. Uvira ina miti, ina maseremala, na ina vyama vya wavuvi vinavyokusanya pesa kila juma. Kila kata ya ukingoni ingechagua mahali pamoja pa kuegeshea mitumbwi, pakafyekwa matete, na pembeni pake mahali pamoja pa kuchotea maji, pakazungushiwa miti. Uzio huo ungetaka kukaguliwa kila mwezi na kusogezwa ziwa linapopanda au kushuka, maana uzio wenye tundu ni mtego kwa aliye ndani. Ni kazi ya chefu wa kata na ya kamati ya wavuvi, wala haingoji barua kutoka Kinshasa. Kuua mamba ovyo hakusaidii: anayeuawa leo nafasi yake inachukuliwa na mwingine kutoka Ruzizi, na kwa mnyama anayerudia mahali pamoja kuna ICCN, ndiyo wenye kazi ya wanyama wa pori.

Likitokea, aliyekamatwa apigane mara moja. Apige macho, na mkono ukiwa mdomoni asukume ndani kooni, palipo na ngozi inayozuia maji. Wenzake wasiruke majini mikono mitupu. Watumie makasia, mawe na mtumbwi wenyewe. Akitoka, damu izuiwe kwa kitambaa safi kilichokandamizwa, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni matundu mawili tu ya meno. Mdomo wa mamba una uchafu mwingi, na kidonda kilichoachwa kwa majani siku tatu kinaweza kuua mtu aliyekwisha kuokoka ziwani.

Na yule chefu wa kata atakayeitwa matangani afike na kamba ya kupimia, aende ukingoni na waliokuwapo, aulize marehemu alisimama wapi na saa ngapi, na apige kigingi mahali hapo siku ile ile. Polisi wawili wakae kwa mama mzee aliyetajwa mpaka watu watulie.