Kinubi Huchaguliwa kwa Sikio

Mtu anayeanza kujifunza kinubi nchini Uganda hukabiliwa, hata kabla ya kugusa uzi wa kwanza, na uamuzi ambao aghalabu huchukuliwa kuwa ni wa bei na ukubwa wa chombo tu, ilhali kwa hakika unahusu muziki atakaoweza kuusikia na kuupiga kwa miaka mingi ijayo. Toleo hili linashikilia kwamba anayechagua kinubi huwa anachagua mpangilio wa sauti, na kwamba jumuiya ya wapiga vinubi inayowaacha wanafunzi wake wachague kwa macho inapoteza sehemu ya urithi wake bila kutambua.

Vinubi vya Uganda ni vya upinde, yaani shingo hupinda kutoka kwenye kisanduku cha sauti na nyuzi hutandazwa kati ya shingo hiyo na kisanduku, tofauti na nyatiti ya Wajaluo, ambayo nyuzi zake hufungwa kwenye mti uliolazwa juu ya mikono miwili. Viwili kati ya vinubi hivyo ndivyo vinavyohusu hoja hii: ennanga ya Waganda na adungu ya Waalur wa kaskazini-magharibi.

Ennanga ina nyuzi nane, nazo hufuata skeli ya sauti tano, ambamo oktava, yaani umbali kati ya sauti moja na mwenzake wa juu mwenye jina lile lile, hugawanywa katika hatua tano zinazokaribiana sana kwa ukubwa. Hatua ya namna hiyo ni pana kuliko hatua nzima ya piano na nyembamba kuliko hatua moja na nusu, kwa hiyo sikio lililolelewa na piano hudhani kwamba nyuzi zimelegea, kumbe ziko mahali pake. Chini ya kila kigingi cha shingoni hufungwa pete iliyoviringishwa ngozi ya mjusi, na uzi unapotikisika karibu na pete hiyo hutoa mvumo mkavu ambao mgeni huudhania kasoro na fundi huutafuta kwa makusudi.

Ugumu wa kujifunza ennanga hauko katika vidole peke yake. Mkono mmoja hupiga mfululizo wake wa sauti na mkono wa pili huingiza wake katika nafasi zilizoachwa, na kutokana na kuingiliana huko msikilizaji husikia nyimbo ndogo ambazo hakuna mkono hata mmoja uliozipiga. Mtafiti Gerhard Kubik, aliyeanza kujifunza muziki wa Kiganda kwa mwanamuziki Evaristo Muyinda mwaka 1959, aliieleza hali hiyo kwa kina. Ni katika nyimbo hizo zilizofichika ndimo sauti ya mwimbaji hupata njia yake, na kwa sababu hiyo mwanafunzi anayetazama vidole vya mwalimu bila kuimba anaweza kuiga kila mwendo na bado asiupate wimbo wenyewe. Jambo hili linastahili kusisitizwa kuliko lolote lingine katika kurasa zinazofuata.

Mpiga ennanga, aitwaye omulanga, alikuwa mtu wa jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda. Majeshi ya serikali yalipolishambulia jumba hilo la Mengo mwaka 1966, na falme zikafutwa mwaka uliofuata, wanamuziki wa jumba hilo walitawanyika, na kurejeshwa kwa ufalme mwaka 1993 hakukuweza peke yake kurudisha mafunzo yaliyokatika.

Adungu ilipita njia nyingine. Ilipokelewa makanisani na shuleni, ikarekebishwa kufuata skeli ya sauti saba ya nyimbo za dini, ikaundwa kwa ukubwa mbalimbali, hata ile ya besi inayowekwa chini, ili wapigaji wengi wapige pamoja. Mafanikio hayo ni ya kweli na yanastahili heshima, kwani vijana wengi wasingeshika kinubi chochote kama adungu isingekuwapo. Lakini mwanafunzi anayeambiwa kwamba adungu yenye nyuzi nyingi ni ennanga iliyoboreshwa anadanganywa, kwa sababu wingi wa nyuzi hauwezi kuzaa hatua zile tano ikiwa kila uzi umelinganishwa na kinanda.

Kwa hiyo anayenunua aangalie kwanza kama vigingi vinashika bila kuteleza na kama ngozi ya kisanduku haina ufa karibu na mahali nyuzi zinapofungwa, kisha amwombe muundaji azilegeze nyuzi zote na kuzilinganisha upya mbele yake. Nyuzi za nailoni, ambazo siku hizi zimechukua nafasi ya utumbo wa mnyama, hurefuka sana siku za mwanzo, hivyo kulinganisha nyuzi kila siku ni sehemu ya mazoezi yenyewe, na mwalimu asimfanyie mwanafunzi kazi hiyo kwa huruma. Shule zenye kundi la adungu zinaombwa kuagiza walau ennanga mbili na kuzitunza katika skeli yake, kwa kuwa waundaji hawawezi kuendelea kuchonga chombo kisicho na mnunuzi, na watoto wafundishwe kuimba hatua zile tano bila chombo kabla ya kuulizwa wanapenda kinubi kipi.