Rithi na Ridhi Si Neno Moja

Wako watu wasemao ya kuwa herufi si kitu, mradi maana ieleweke. Maneno haya nimeyasikia Bagamoyo, nimeyasikia Saadani, na la kusikitisha zaidi, nimeyasikia vinywani mwa walimu wenzangu. Nami nasema huo ni uvivu uliovikwa kanzu.

Kijana mmoja aliandikiwa na dada zake kuulizia shamba la minazi aliloliacha marehemu baba yao, kwamba ligawanywe. Akamwendea kaka yao mkubwa, naye akakubali bila neno. Basi kijana akawajibu dada zake: "Habari ya shamba, kaka amerithi." Alikusudia kuandika ameridhi. Kuridhi ni kukubali, kurithi ni kutwaa mali ya aliyekufa. Dada waliposoma wakajua wamedhulumiwa, na masika yote ikapita hawamsalimu kaka yao, naye hajui kosa lake. Je, maana ilieleweka hapo?

Tena thamani ni kima cha kitu, na samani ni vyombo vya nyumba. Mahali si mahari, kama ajuavyo kila baba mwenye binti. Nimesoma hata barua ya mtu aliyealikwa kwenye kalamu. Sijui alikwenda kula wino!

Watanijibu: "Sisi Wazaramo, Wakwere na Wadoe hatukuzaliwa na sauti hizi; dh na th zimetoka Uarabuni." Ni kweli. Walakini mbona mtoto huyo huyo, akifundishwa Kiingereza, hutia ulimi kati ya meno mpaka akaipata th, nasi tukampigia makofi? Kwa lugha ya wageni twajitaabisha, kwa Kiswahili twasema haidhuru. Padre Charles Sacleux alikuwa Mfaransa, walakini aliwasikiliza watu wa pwani hii kwa makini hata akatunga kamusi kubwa, iliyoanza kuchapwa Paris mwaka 1939.

Simlaumu mtoto akikosea. Namlaumu mwalimu asikiaye "zambi" na "samani ya shamba," akatia alama ya sahihi.

Nacho kipimo si kigumu. Weka vidole kooni, ncha ya ulimi kati ya meno. Ukitamka dh koo hutetemeka, ukitamka th hutoka pumzi tu. Kwangu darasani twafanya hivyo dakika tano kila asubuhi kabla ya hesabu, na wazazi wapitao dirishani hucheka.