Maneno Marefu ya Hospitali Tuyakate Vipande



Sisi tunaozunguka kati ya Arua na Koboko kuonana na wanachama huletewa vyeti vya hospitali vilivyokunjwa mara nne. Tukiuliza, "Daktari amesema una nini, ndugu?" jibu ni lile lile: "Ni kifua tu." Kumbe kwenye cheti mna neno refu kama gari la moshi, na mwenye cheti hakuthubutu kulitamka.

Woga huo unatupotezea haki. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 ina orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi. Mpasua mawe akimwambia mwajiri "kifua", ataambiwa ni baridi ya usiku. Akisema "nyumokoniosi", mazungumzo yanabadilika. Basi tulikate: nyu-mo-ko-ni-o-si. Kila kipande kinaishia kwa irabu, kama Kiswahili chetu. Ulimi wa Mlugbara au Mkakwa hauna sababu ya kukwama hapo. Maana nayo imo katika vipande, vya Kiyunani cha kale: nyumo ni mapafu, koni ni vumbi, osi ni hali ya ugonjwa. Yaani vumbi limekaa mapafuni. Na vumbi hilo limetoka wapi, kama si kwenye mawe ya tajiri?

Wazee wa West Nile wanayakumbuka malale. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilithibitisha kwamba aina iliyotusumbua huku si tatizo kubwa tena la afya katika Uganda. Hospitali huyaita tripanosomiasi. Tripano ni keekee ya seremala, soma ni mwili (si kusoma gazeti hili!), na iasi ni ugonjwa. Kijidudu chake huenda kikijizungusha ndani ya damu kama keekee. Ukishajua hivyo, neno halikutoki tena.

Hatusemi mtu ajitibu kwa kukata maneno. Kazi hiyo ni ya daktari. Lakini tuna haki ya kumwomba alisome neno polepole, atueleze kwa Kilugbara au Kikakwa, kisha aliandike kwa herufi zinazosomeka, maana mwandiko wao mnaujua. Cheti msikikunje mfukoni. Kileteni kwa katibu wa tawi siku hiyo hiyo, nakala ibaki chamani kabla chenyewe hakijafika mezani kwa mwajiri.