Pafu la Marehemu Hupimwaje Kabla ya Kupewa Mgonjwa?

Tangu Uganda ilipopata sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu mwaka 2023, ndugu askari, swali moja limerudi mara nyingi katika mazungumzo ya kambini: daktari ajuaje kwamba kiungo cha marehemu bado ni kizima? Leo twatazama pafu, ambalo ndilo gumu kulipima.

Pafu la kwanza kupandikizwa kwa binadamu lilipandikizwa na Daktari James Hardy mjini Jackson, Marekani, mwaka 1963. Mgonjwa aliishi siku 18. Mafanikio ya kudumu yalipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1983. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye, katika kila watoaji watano, mapafu ya wanne hivi yalikataliwa, huku wagonjwa wakifa wakingoja.

Masharti yalikuwa makali. Mtoaji awe na umri usiozidi miaka 55. Awe hakuvuta zaidi ya pakiti moja ya sigara kwa siku kwa muda wa miaka 20. Picha ya eksirei iwe safi. Mirija ya hewa, ikichunguzwa kwa mpira mwembamba wenye taa, isiwe na usaha. Kisha hupewa hewa ya oksijeni tupu kwa mashine, damu ya mshipa ikapimwa, na kipimo cha oksijeni kipite milimita 300 za zebaki. Yafaa ieleweke kwamba masharti hayo yalizaliwa na tahadhari ya waganga wa awali kuliko majaribio.

Hapo ndipo penye kasoro. Ubongo ukifa, mwili wenyewe huweza kuyajaza mapafu maji, na sehemu zake zikasinyaa. Damu itaonyesha oksijeni kidogo, nalo pafu lahukumiwa kuwa bovu. Kila mtunza ghala la silaha ajua kwamba bunduki iliyojaa matope si bunduki iliyopasuka mtutu. Lakini zote mbili, zikitazamwa kwa mbali, hazifai.

Kukataa nako kuna gharama yake. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliopewa mapafu ya wavutaji sigara waliishi muda mfupi kuliko waliopewa ya wasiovuta, lakini walikuwa na matumaini makubwa zaidi kuliko waliobaki wakingoja. (Wavutaji walioko kikosini wasilichukue hili kuwa ruhusa.)

Dawa ya kasoro hiyo ilianzia Lund, Sweden, ambako mwaka 2000 Daktari Stig Steen na wenzake walilipima pafu nje ya mwili, kisha wakalipandikiza. Madaktari wa Toronto wakaiendeleza njia hiyo. Mapafu huwekwa ndani ya chombo chenye kifuniko angavu, yakapashwa hadi joto la mwili, nyuzi 37, yakasukumiwa maji maalumu katika mishipa na kupuliziwa hewa. Kwa muda wa saa nne hupimwa tena na tena: oksijeni, msukumo ndani ya mishipa, na ulaini wa pafu linapojaa hewa.

Vipimo hivyo vya mwisho si vya kupuuzwa. Maji yale hayana chembe nyekundu za damu, hivyo kipimo cha oksijeni chaweza kubaki kizuri ilhali pafu limeanza kuharibika. Pafu hukaza kwanza, na daktari anayetazama tarakimu moja tu atadanganyika.

Taarifa ya Toronto ya mwaka 2011 ilihusu mapafu ya watoaji 23, yote yakiwa ya kutiliwa shaka. Ya watoaji 20 yalifaulu, yakapandikizwa, na wagonjwa hawakuwa na hali mbaya kuliko waliopewa mapafu ya kawaida. Ya watoaji 3 yalishindwa kipimo juu ya chombo, nayo hayakutiwa katika kifua cha mtu yeyote.