Historia na Jiografia Si Masomo ya Mabaki

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, mazungumzo ya namna moja husikika katika nyumba nyingi za Kiseke na mitaa mingine ya Ilemela. Mzazi ambaye mwanawe amepangiwa kusoma fizikia, kemia na baiolojia hupokea pongezi za majirani. Yule ambaye mwanawe amepangiwa historia, jiografia na Kiswahili, au historia, jiografia na Kiingereza, hupewa pole, kana kwamba nyumba yake imeingiwa na msiba. Mtoto naye husikia, na huingia kidato cha tano akiamini kwamba amekwenda kusoma mabaki.

Sisi hatukubaliani na fikra hiyo. Taifa lahitaji madaktari na wahandisi, na hilo halina ubishi. Lakini taifa lisilokuwa na watu wanaojua limetoka wapi, na kwa nini watu wake wanaishi wanavyoishi, litatibiwa na kujengewa bila lenyewe kujua linakwenda wapi.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa historia wa kidato cha tano na sita wamesomeshwa mapinduzi ya Uingereza, Marekani na Ufaransa, kukua kwa ubepari, mapinduzi ya viwanda na kugawanywa kwa dunia. Katika jiografia ya binadamu wamesomeshwa idadi ya watu, uhamaji, makazi, kilimo na viwanda. Wapo wanaouliza: kijana wa Kiseke ana haja gani na habari za viwanda vya nguo vya Manchester? Jibu halihitaji safari ya Ulaya. Na apande kilima chochote cha Ilemela, alitazame ziwa.

Ziwa lenyewe linaitwa kwa jina la malkia wa Uingereza, kwa sababu mwaka 1858 John Hanning Speke alifika katika ufuko wa Mwanza, akalipa jina hilo, ingawa wenyeji walikuwa na majina yao tangu zamani. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka ulikate ziwa hilo kwenye mstari wa digrii moja kusini ya Ikweta. Hakuna mvuvi aliyeulizwa. Hata leo mstari huo ndio mpaka wetu na Uganda majini, na mvuvi anayeuvuka anaweza kukamatwa kwa kosa lililochorwa kwa rula Ulaya kabla babu yake hajazaliwa.

Twende kwenye pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, vilikata pamba iliyokuwa ikilisha viwanda vya Lancashire, na mataifa ya Ulaya yakajifunza kwamba ni hatari kumtegemea muuzaji mmoja. Yalipopata makoloni, yalitaka pamba itoke humo. Wajerumani waliilazimisha kusini mwa nchi yetu, na shuruti hiyo ni moja ya sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Chini ya Waingereza pamba ilienea Usukumani, na reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Mkulima wa Usukuma alipochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, alijiunga na wenzake katika ushirika. Na mwaka 1955, wakiongozwa na Paul Bomani, wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunda shirikisho la vyama vyao. Anayesoma mapinduzi ya viwanda bila kuufikia mzani wa Usukuma amesoma nusu ya habari.

Tuje kwenye maji. Mwaka 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba pasijengwe chochote katika Mto Nile na maziwa yake, ndani ya nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, kitakachopunguza maji yaendayo Misri bila ridhaa ya Misri. Nyuma ya hayo ilikuwapo pia pamba ya bonde la Nile, iliyokuwa ikienda kwenye viwanda vile vile. Mwaka 1962 Tanganyika huru ilitamka kwamba haifungwi na mkataba huo. Kutokana na msimamo huo, maji yaliweza kuchotwa Ihelele, katika mkoa wetu wa Mwanza, na kupelekwa Shinyanga na Kahama katika mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Kuitetea haki hiyo kulihitaji kuijua historia na sheria. Mabomba yaliwekwa na wahandisi, lakini njia ya mabomba ilifunguliwa kwanza na hoja.

Na jiografia ya binadamu iko mlangoni mwetu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 343,001 katika Ilemela. Ile ya mwaka 2022 ilikuta wamezidi laki tano. Watu hao wametoka wapi? Kwa nini mashamba ya Kiseke yamegeuka viwanja na nyumba? Maji ya mvua yatapita wapi baada ya kila mtu kujenga ukuta wake? Watoto watasoma shule zipi? Hayo ndiyo maswali ya somo lile ambalo mzazi analipewa pole.

Hata hivyo hatuwezi kuwalaumu wazazi peke yao. Masomo haya yamejiponza kwa namna yanavyofundishwa. Mwanafunzi hukariri pointi sita za sababu na pointi sita za matokeo, akazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, na baada ya wiki mbili hana hata moja. Aweza kukueleza viwanda vya Ruhr na mabwawa ya bonde la Tennessee, lakini hajawahi kutumwa kuufuata Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji la Mwanza hadi ziwani. Elimu ya namna hiyo haimjengi mtu, iwe ya Magharibi au ya kwetu.

Wapo wasemao dawa ni kuiondoa historia ya Ulaya, tujifunze yetu tu. Historia ya Tanzania lazima itangulie, na ifundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Lakini aliyekugawia ardhi, akakupangia zao na kukuwekea mpaka, huwezi kumwelewa kwa kumfumbia macho. Tumsome bila kumwabudu wala kumwogopa, kama vile mwenye kesi asomavyo hati ya mpinzani wake.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Wakuu wa shule wawape wanafunzi wa kidato cha tano na sita siku za kutoka darasani, wapime, wahesabu na kuwahoji wakazi wa kata zao. Manispaa iwafungulie wanafunzi hao ramani na takwimu zake, kwa kuwa kesho watakuwa maofisa mipango wake. Na wazee walioishi enzi za ushirika waalikwe shuleni wakiwa bado hai, maana kila mazishi hutupunguzia maktaba.

Kwa wazazi wa Kiseke tuna ombi moja. Mwanao akipangiwa historia na jiografia, mpe pongezi, kisha muulize kila jioni ameelewa nini kuhusu ziwa, shamba na mtaa wake. Akishindwa kujibu, ndipo uende shuleni kuuliza. Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Watoto wetu wanastahili kuijua.