Wanaojitolea Ughaibuni: Usalama Wao ni Wajibu wa Nani?

Kila mwaka, ifikapo Julai na Agosti, vyuo vya Ulaya vikiwa likizo, parokia nyingi za Afrika Mashariki hupokea vijana wageni wanaokuja kujitolea kwa majuma machache. Hufundisha, hupaka rangi madarasa, husaidia zahanatini, hucheza na watoto. Hupokelewa kwa nyimbo na vigelegele, hupewa majina ya kwetu, hupigwa picha mbele ya kanisa. Ni mara chache mno halmashauri ya walei huketi kabla ya ujio wao na kujiuliza jambo moja: likitokea la kutokea usiku wa manane, nani atawajibika?

Mjini Chakama, takriban kilomita 80 kutoka Malindi katika Kaunti ya Kilifi, jambo hilo lilitokea jioni ya 20 Novemba 2018. Watu wenye bunduki waliuvamia mji huo mdogo, wakafyatua risasi ovyo na kujeruhi watu 5, wakiwemo watoto. Kisha wakaondoka na Silvia Romano, binti wa Kiitalia mwenye umri wa miaka 23, aliyekuwa akiwahudumia watoto kwa niaba ya shirika dogo la nchini kwake. Alikaa mateka kwa miezi 18 na kuachiliwa nchini Somalia mwezi Mei 2020. Aliporudi Roma akiwa amesilimu, Waziri Mkuu wa Italia alikwenda kumlaki uwanja wa ndege, lakini mitandaoni alimiminiwa matusi na vitisho hata waendesha mashtaka wa Milano wakafungua uchunguzi. Wengi waliuliza: alikwenda kutafuta nini huko? Si hapa kwao palikuwa na maskini pia?

Swali hilo ni la kikatili, tena limeelekezwa kwa mtu asiyestahili. Kijana wa miaka 23 aliyetoka mji mkubwa wa Ulaya hana namna ya kupima hatari ya kijiji asichokijua, wala kutambua uvumi unaonong'onwa sokoni kwa lugha asiyoisikia. Wenye uwezo wa kuyajua hayo ni wawili: anayemtuma na anayempokea. Tena tusisahau kwamba risasi za Chakama ziliwapata wenyeji. Habari nyingi zilizoandikwa ng'ambo ziliwagusia wao kwa mstari mmoja, kisha zikaendelea na za mateka. Kwa hiyo parokia inayouliza kuhusu usalama wa mgeni wake inauliza pia kuhusu usalama wa mama anayeuza mandazi nyumba ya pili.

Utekaji, hata hivyo, ni nadra. Hatari iliyo karibu zaidi haina bunduki. Mgeni anapanda bodaboda usiku bila kofia ngumu kwa sababu amewaona wenyeji wakifanya hivyo, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Anaacha kumeza dawa za kukinga malaria juma la pili kwa kuwa anajisikia mzima, kisha homa inampata akiwa amekwisha kurudi kwao, kwa daktari ambaye hajawahi kuiona malaria. Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalotuma watu wa kujitolea tangu 1961, limewakataza watu wake kupanda pikipiki katika nchi nyingi, na mwaka 2014 lilisitisha kazi zake nchini Kenya kwa sababu za kiusalama. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa woga. Lakini shirika hilo lilikuwa na mahali pa kuamulia, na watu waliolazimika kutii. Parokia nyingi hazina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Shirika hilohilo linatupa pia fundisho chungu. Kate Puzey, mwalimu wa kujitolea katika kijiji kimoja cha Benin, aliitaarifu ofisi yake kwamba mtu aliyekuwa akifanya kazi na shirika alikuwa akiwadhulumu kimwili wanafunzi wa kike. Machi 2009 aliuawa usiku, akiwa amelala nje barazani. Familia yake ilidai kwamba siri aliyoitoa ilivuja kutoka ofisini. Mwaka 2011 Marekani ilitunga sheria yenye jina lake, inayolinda usiri wa mfanyakazi wa kujitolea anayetoa taarifa za uovu.

Waamini wapendwa, jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Mwaka 2019, kwa hati yake Vos estis lux mundi, hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliagiza kila jimbo liwe na njia thabiti na inayofikika ya kupokea taarifa za unyanyasaji. Je, mgeni anayelala katika nyumba ya watawa anaifahamu njia hiyo? Akiona jambo baya shuleni, amwambie nani, na huyo atanyamaza kiasi gani? Na upande wa pili: watoto wetu watamwambia nani endapo mgeni mwenyewe ndiye mwenye nia mbaya? Kumdai mgeni hati ya polisi ya nchini kwake kabla hajakabidhiwa watoto si kumvunjia heshima. Mwenye nia njema atailetea shukrani, maana inamlinda yeye pia dhidi ya masingizio.

Kuna kosa lingine tunalolifumbia macho kwa ukarimu wetu: kumpokea mgeni aje kufanya kazi kwa viza ya utalii. Tanzania imeweka kibali cha ukaazi cha daraja C kwa wanaojitolea, na Kenya nayo ina kibali kwa shughuli za dini na za huruma. Gharama na foleni zake huchosha, ni kweli. Lakini asiye na kibali, akiibiwa au akidhulumiwa, huogopa kwenda polisi kwa kuhofia kufukuzwa nchini, na bima yake yaweza kukataa kumlipia matibabu. Anayemwambia mgeni kwamba mambo hayo yatajipanga yenyewe anamwondolea ulinzi wa sheria.

Wako watakaosema kwamba Injili haihubiriwi kwa hesabu za namna hii, na kwamba wafiadini hawakuwa na bima. Hoja hiyo inasikika ya kiroho, ila haiafikiani na historia ya Kanisa. Mtume Paulo alikubali kushushwa ndani ya kapu ukutani Damasko ili asiuawe. Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago katika Afrika yetu, alijificha wakati wa dhuluma ya mwaka 250 ili aendelee kuliongoza kundi lake, na mwaka 258, saa yake ilipofika, hakukimbia. Katika fadhila nne za msingi, nguvu hutanguliwa na busara, na mpangilio huo una sababu.

Mwenyeheri Leonella Sgorbati, mtawa wa Shirika la Konsolata, aliuawa Mogadishu 17 Septemba 2006, lakini hakuwa ametoka Italia wiki iliyotangulia. Alikuwa amekwisha kufanya kazi Kenya tangu 1970, akifundisha wauguzi, na alikwenda Somalia akiwa na shirika lililojua alipo na kwa nini yupo pale. Aliuawa pamoja na mlinzi wake Mohamed Mahamud, Mwislamu na baba wa familia. Hatari ya namna hiyo huchaguliwa na mtu aliyekomaa, baada ya sala na shauri la wakubwa wake. Haiwezi kutwishwa kijana wa majuma mawili, wala mwenyeji ambaye hakuulizwa.

Nao vijana wetu wanatoka. Oktoba 7, 2023, Watanzania wawili waliokwenda Israeli kujifunza kilimo kwa vitendo waliuawa katika mashambulizi yaliyotokea karibu na Gaza. Mwingine anapata barua ya kuvutia inayomwalika kujitolea mahali asipopajua, tiketi ikiwa imelipiwa na pasipoti ikitakiwa mapema. Kabla paroko hajatia sahihi barua ya utambulisho, simu moja kwa ofisi ya jimbo la huko aendako hufichua mengi. Tena kijana ajiandikishe ubalozini, aache nyumbani nakala za hati zake, na asikubali pasipoti yake ishikwe na mwenyeji wake.

Kwa parokia zinazotarajia wageni msimu huu, muda bado upo wa kuketi pamoja: paroko, mwenyekiti wa halmashauri, katekista, muuguzi wa zahanati, na viongozi wa jumuiya ndogondogo ambamo wageni watalala. Chifu au mtendaji wa kijiji aelezwe mapema. Ateuliwe mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, atakayepigiwa saa nane za usiku, na huyo apewe mamlaka ya kusema kwamba kesho safari haipo.