Pilone iko pale, lakini si ya rezo yetu

Usiku moja ya mvua tulikuwa mu karière, ekipi ya tatu. Jiwe ilitoka ku ukuta, ikapiga mwenzetu moja ku muguu. Sosiete yenye ilituandika kazi ilikuwa ndogo, ile ya kutumika chini ya kompani kubwa, na radio yake ya mukononi ilikuwa imeisha batri. Tulikuwa na telefone tatu: yangu, ya kapita, na ya mushoferi wa kamyo. Zote tatu zilikuwa na kadi ya rezo moja, juu ile njo inashika vizuri ku kité kwenye tunaikala. Mu karière haikushika hata kidogo.

Kitu yenye haitoke mu kichwa yangu ni hii: ngambo ya uzio, mbali sawa viwanja mbili vya mupira, pilone ilikuwa inasimama na taa yake nyekundu juu. Ilikuwa ya kompani ingine. Kijana moja alikimbia, akapanda juu ya teril mu matope, mpaka akapata rezo yetu kidogo, akaita ambulansi. Ilifika kiisha saa moja na zaidi. Mwenzetu eko muzima, asante Mungu, lakini leo anatembea na fimbo, na munganga alituambia wazi kama tungemuleta mapema ile muguu ingekuwa ingine.

Siandike hii juu ya jiwe. Juu ya jiwe na ukuta tutasema siku ingine, na mu komite ya usalama tulisema tayari. Leo ninasema juu ya ile taa nyekundu. Juu ya nini pilone inaweza kuwa karibu na mutu mwenye kuumia, na telefone yake iwe sawa jiwe mu mufuko?

Mu nchi yetu kuko sheria. Ni sheria namba 20/017 ya tarehe 25 novemba 2020, juu ya telekomunikasio na teknolojia ya habari. Ilikamata fasi ya ile ya zamani ya 2002. Inasema kompani za telefone zinapashwa kuunganisha rezo zao, na inasema pia juu ya kugawana miundombinu. ARPTC, yenye ilizaliwa na sheria za 2002, njo inachunga kazi ya kompani zote. Kwa hiyo hatuombe kitu mupya. Maneno iko mu karatasi tangu miaka; tunaomba ipande ku pilone.

Batu mingi wananiuliza: kugawana, maana yake nini? Nitaeleza sawa vile nilielezwa na fundi moja mwenye anapanda pilone kila siku.

Kuko kugawana ile chuma na kiwanja. Pilone, uzio, nyumba ndogo ya mashini, grupe ya mazutu, batri, na mulinzi mwenye analala pale. Kompani ya pili inatundika antene yake ku chuma ileile, inalipa kodi ya kila mwezi, basi. Hii iko rahisi, na mu Congo inafanyika tayari: Helios Towers ni kompani yenye haiuzishe inite hata moja, kazi yake ni kuwa na pilone na kuipangisha kwa kompani za telefone. Kiisha kuko kugawana kwa ndani zaidi: telefone yako ya rezo moja inapita ku antene ya rezo ingine pale yako haifike, na kompani mbili zinahesabiana zenyewe nyuma. Wewe hauone kitu, unasikia tu mama yako anaitika. Na kuko nyuzi za fibre chini ya udongo, zenye zinabeba maneno ya bote mpaka mbali. Mwenye fibre anapashwa kuuzishia wengine nafasi mu uzi yake kwa bei yenye kueleweka.

Kompani ya zamani itajibu: sisi tulijenga na franga yetu, mu wakati ya vita, wakati hakuna mutu alikuwa anataka kuweka dola moja mu Congo. Iko kweli, na siye tunaikubali. Celtel ilianza hapa mu 2000, leo inaitwa Airtel. Vodacom ilikuja mu 2002. Balikuta nchi yenye haikuwa na telefone ya raia. Bazee wanakumbuka Telecel ya miaka ya 80: ile ilikuwa telefone ya bakubwa, sisi tulikuwa tunapanga mulolongo ku foni ya misioni, unapiga kelele «ova» na mustari nzima inasikia ya nyumba yako. Kompani zilitutosha pale. Hatusahau.

Lakini sisi batu ya mine tunajua kitu moja juu ya miundombinu, pengine kuliko bakubwa ba Kinshasa. Angalia laini ya umeme ya Inga. Ilifika Kolwezi mu 1982, kilometa karibu 1,700, juu ya kulisha mine. Leo kompani za mine ziko mingi, kila moja na bendera yake, na umeme ya SNEL inazifikia kwa nyuzi zilezile. Kuwaza kila kompani ijenge laini yake toka Inga mpaka Kolwezi, ni wazimu! Angalia njia ya reli ya SNCC. Hakuna mutu anajenga reli ya pili pembeni juu ya kubeba shaba yake peke yake. Anapangisha vago, analipa, treni inapita. Mwenye reli anapata haki yake, mwenye mizigo anapita. Juu ya nini kwa umeme na reli tunaelewa, na kwa telefone tunaambiwa haiwezekani?

Tena pilone haisimame mu hewa. Inasimama ku udongo ya Congo, na inasema kupitia frekwansi zenye ni mali ya Leta, zenye kompani inapewa kwa lisansi. Kompani iko na chuma yake, lakini haiko na hewa.

Ku inchi zingine balipigana juu ya hii mbele yetu. Marekani, mu 1996, sheria ililazimisha kompani za zamani, zenye zilikuwa na nyuzi mu kila nyumba, kupangishia kompani mupya zile nyuzi. Kompani mupya zilikuja mbio. Lakini za zamani zilipeleka mambo ku tribinali mwaka na mwaka, mpaka 2004 sehemu kubwa ya lazima ile ikavunjika. Kiisha, AT&T na MCI, zenye zilikuwa zinashindana nazo kwa nguvu zaidi, zikauzwa kwa kompani za zamani zilezile. Ufaransa ilifanya ingine. Ilifungua nyuzi za France Télécom kwa wengine, na mu januari 2012 Free ilianza kuuzisha telefone ya mukononi na ofa ya euro 2 ku mwezi, wakati antene zake zilikuwa kidogo bado. Iliweza namna gani? Fasi antene yake haikufika, telefone ilipita ku rezo ya Orange, na Free ililipa. Orange haikukufa. Njo ileile iko hapa kwetu, ku kona ya kila balabala, na rangi yake.

Ninasema hii juu Africell, yenye iliingia Congo mu 2012 kuanzia Kinshasa, na kompani yoyote ingine yenye itakuja kesho, hazitajenga pilone mu kila mugini wa Haut-Lomami ao Tanganyika. Hakuna mutu atafanya ile hesabu. Pilone ya mbali inakula mazutu usiku na muchana, kamyo inaleta mazutu ku njia yenye inakatika na mvua, na batu ya pale wananunua inite ya 500 franka. Kompani mbili mu mugini moja, kila moja na grupe yake, zote mbili zinapoteza. Kompani moja peke yake, inaishi, lakini raia anakuwa mufungwa wake. Kompani mbili ku pilone moja: mazutu ni moja, mulinzi ni moja, na raia anachagua.

Na ufungwa ule, bibi zetu banaujua kuliko sisi. Mwanaume anatumika Kolwezi, mushahara inapita mu telefone. Muzazi wake eko ku mugini kwenye rezo moja tu inafika. Basi lazima awe na kadi ya ile rezo juu ya kutuma franga, kadi ya pili juu ya kazi, ya tatu juu ya mega yenye bei chini. Telefone mbili, kadi tatu, akonti tatu. Kila kupitisha franga toka akonti moja kwenda ingine inakatwa kitu. Mama mu nyumba anahesabu: ku franga ya ada ya mutoto, kiasi gani ilibaki mu njia? Hii haiko teknolojia, ni mushahara yetu inatoka damu kidogo kidogo.

Mu 2025 Orange na Vodacom batangaza kama watajenga pamoja pilone za jua mu migini, mpaka 2,000 kwa miaka sita. Muzuri. Tunapiga makofi. Ile inaonyesha wenyewe banajua hesabu ya kugawana. Lakini mbili zenye nguvu zikigawana kati yao peke yake, na mulango ukifungwa kwa wengine, tutakuwa na kifungo moja kubwa fasi ya mbili ndogo. ARPTC inapashwa kuandika wazi: mwenye kulipa kodi anapanda, na kodi inahesabiwa kufuatana na gharama ya kweli ya chuma, mazutu na ulinzi, pamoja na faida ya haki. Kama kodi ni ya kufukuza batu, kugawana ni bure. Na jibu lipewe mu siku zenye kuhesabiwa. Mutu anaweza kukuua na «tunachunguza dosie yenu» bila kukataa hata mara moja.

Kuko neno moja yenye haki, na sitalificha. Bamoya wanasema: ukilazimisha kugawana kila kitu, hakuna mutu atajenga ku fasi mupya, kila moja atangoja mwenzake atoe franga. Ku Lubumbashi ao Likasi sioni ile hatari. Pale pilone zinasimama sawa mahindi. Ku mugini wa mbali, ndiyo, iko. Mwenye kujenga wa kwanza apewe muda ya kurudisha mali yake, tuseme miaka mbili ao tatu, mbele ya kufungulia wengine mega na biashara. Lakini simu ya hatari isingoje hata siku moja. Mutu mwenye kuumia, nyumba yenye kuungua, mama mwenye kuzaa usiku: telefone yoyote ipite ku antene yoyote. Ku hii neno sendika yetu haitarudi nyuma.

Na siye ba sendika tuko na neno letu juu ya bakazi bengine. Pilone zikipunguka, balinzi na mafundi ya grupe watafukuzwa. Wengi wao ni bana betu, waliandikwa na sosiete ndogo bila kontra ya kudumu. Mwenye kuandika sheria ya kugawana aandike pia nani anachukua bale bafanyakazi, na kwa mushahara gani. Bila ile, tutakuwa tumetafuta rezo ya mutu wa mine kwa kumunyanganya mulinzi mukate.

Serikali itasema haina nguvu ya kuhesabu pilone mu nchi kubwa sawa hii. Lakini tangu 2020 iliweza kukata franga ya RAM mu inite ya telefone mpaka raia wakalalamika na ikatoshwa mu 2022. Mwenye kujua kuhesabu telefone za raia atashindwa kuhesabu chuma zenye kuonekana kilometa kumi?

Kwetu mu mine tunaweza kuanza bila kungoja Kinshasa. Kode ya mine ya 2018 inasema kompani inatosha 0.3% ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya migini yenye iko karibu, na inapashwa kusaini daftari ya ahadi pamoja na raia. Mara mingi pale tunaomba kisima, masomo, dispansere, na ni haki. Tuombe pia pilone, lakini kwa sharti: ikijengwa na franga ya raia, isiwe ya kompani moja ya telefone, zote zipande. Na kompani ya mine yenye iko na pilone ndani ya konsesio yake isikubali tena kontra yenye inafungia wengine. Udongo ni wa konsesio, sharti la kuingia linaweza kuandikwa kesho asubuhi.

Mbele ya mukutano ya délégués ya mwezi wenye kuja, kila ekipi iandike ku karatasi: fasi gani mu karière hakuna rezo, telefone ya kompani gani inakataa, na pilone gani inaonekana toka pale. Muandike pia saa. Bibi za ku kité na bazazi ku migini wafanye vilevile, wapitishe karatasi kwa délégué wa kartier. Tutazikusanya, tutazipeleka ku ARPTC na ku biro ya guvernera, na tutaomba kusainiwa kama zimepokelewa.